Muuza magazeti wa Watchmen

Kaka yangu hajawahi kumaliza kusoma Watchmen. Naanza na hilo kwa sababu ndiko ubishi wetu ulikozaliwa. Mwaka 2008, filamu ikiwa bado haijatoka, alinunua kile kitabu kinene kinachokusanya matoleo yote 12 ya komiki hiyo, akasoma sura tatu, kisha akaniletea. "Chukua wewe, mdogo wangu. Wewe ndiye mtu wa kurasa." Kweli ni mtu wa kurasa. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu: maandishi yakae wapi, picha iishie wapi, jicho la msomaji lipumzike wapi. Nilikisoma kwa siku nne, nikakirudia, na sijakirudisha mpaka leo.

Filamu ilipotoka Machi 2009 tulikwenda pamoja. Yeye alikwenda na hamu ya kujua mwisho wa hadithi aliyoiachia njiani. Mimi nilikwenda nikiwa na kitabu kizima kichwani. Tulitoka yeye amefurahi mpaka anaruka, mimi nina hasira ambayo sikuweza kuieleza. Aliniuliza, "Sasa kilichokuudhi nini? Si wamefuata kila kitu?" Nikajibu maneno mengi siku ile, na mengine nimeyasema miaka yote hii, na sasa naona karibu yote hayakuwa yenyewe.

Kwa asiyeijua, niseme kwa ufupi. Watchmen iliandikwa na Alan Moore, ikachorwa na Dave Gibbons, rangi zikatiwa na John Higgins, na kampuni ya DC Comics ikaitoa sehemu kwa sehemu kati ya 1986 na 1987. Dunia yake ni New York ya 1985, ila si ile 1985 iliyopita kweli. Richard Nixon bado ni rais. Marekani ilishinda vita vya Vietnam kwa sababu ilikuwa na Dokta Manhattan, mtu wa rangi ya buluu anayeweza kuvunja na kuunda kitu chochote kwa kutaka tu. Huyo ndiye pekee mwenye nguvu za ajabu. Wengine wote ni watu kama mimi na wewe waliovaa vinyago na kwenda kupiga wahalifu usiku, na tangu 1977 sheria imewapiga marufuku. Marekani na Urusi ya Kisovieti zimefika ukingoni mwa vita vya nyuklia. Hapo ndipo mmoja wa wale wa zamani, Comedian, anarushwa dirishani kutoka ghorofani kwake, na mwenzake mmoja, Rorschach, anaanza kutafuta muuaji.

Niseme kwanza tunapokubaliana, maana pako. Mwanzo wa filamu, pale majina ya waigizaji yanapopita na Bob Dylan anaimba, ni kitu kizuri kuliko vingi nilivyowahi kuona kwenye sinema. Picha zimegandishwa nusu, watu wanatembea kama wamo ndani ya asali. Unaona mashujaa wa 1940 wakipigwa picha ya pamoja wakiwa vijana. Unamwona mmoja wao akimbusu nesi barabarani vita vinapoisha, na baada ya muda mfupi unamwona huyo huyo amelala kitandani na mpenzi wake, wote wawili wameuawa. Mwingine joho lake linanaswa kwenye mlango wa benki unaozunguka, anapigwa risasi. Mwingine anabebwa kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Miaka 45 ya historia inapita bila mtu kusema neno. Mwongozaji Zack Snyder hakunakili hapo. Mengi ya yale yamo kitabuni kama habari za kupita tu, na yeye akayatafutia njia yake ya sinema. Kila ninapoiona sehemu ile nasikitika kwamba alijua kufanya hivyo na hakufanya hivyo tena kwa muda mrefu.

Maana baada ya hapo filamu inaanza kutii. Fremu baada ya fremu imekaa kama ilivyochorwa: beji ya uso wa manjano unaocheka yenye tone la damu, Rorschach akipanda ukuta kwa kamba, kiti cha Comedian mbele ya televisheni. Kaka anaita huo uaminifu. Mimi naita kutii, na naona ni vitu viwili.

Nieleze kwa lugha ya kazi yangu. Kurasa za Gibbons zimegawanywa visanduku tisa, vitatu kwa vitatu, karibu kitabu kizima. Anapotaka uharakishe au utulie, anaunganisha viwili au vitatu, lakini ule mpango wa tisa haupotei. Ni kama mapigo ya saa, na hadithi yenyewe ni ya saa, kwa hiyo ukurasa unahesabu muda kabla hujasoma neno. Sura ya tano imepangwa kama kioo: ukurasa wa kwanza unafanana na wa mwisho, wa pili na ule unaoutangulia wa mwisho, hivyo hivyo mpaka katikati, kurasa za 14 na 15, ambapo nusu mbili zinakutana. Niliyagundua hayo usiku mmoja nikiwa nafunua mbele na nyuma kwa vidole viwili, na moyo ulinienda mbio kama mtu aliyefumania siri. Huwezi kufanya hivyo na filamu. Filamu inakubeba, haikuruhusu kurudi. Kwa hiyo ukichukua picha moja ya Gibbons ukaipiga vizuri kabisa, kwa taa ile ile na pembe ile ile, umechukua kigae kimoja cha sakafu. Sakafu imebaki kule.

Moore mwenyewe alikataa jina lake lisiwekwe kwenye filamu, na fedha zake akasema apewe Gibbons. Ndiyo maana ukiangalia majina utaona Gibbons peke yake akitajwa kuwa mbunifu mwenza, na mwenzake hayupo. Kaka huona ile ni kiburi. Mimi huona ni mtu aliyejua alichokijenga ni cha karatasi.

Wakosoaji nao waligawanyika. Roger Ebert aliipa nyota nne, ambazo kwake ndizo zote. Anthony Lane wa jarida la The New Yorker hakuwa na huruma nayo hata kidogo. Watazamaji wa Marekani waliingia kwa wingi mwisho wa wiki ya kwanza, dola milioni 55, na wiki iliyofuata mapato hayakufika hata milioni 18. Hakuna mwongozaji anayefurahia kuona hivyo, na naamini wengi waliokuja walidhani wanakuja kuona mashujaa wakiokoa mji.

Sasa nije kwa mtoto wa kaka. Ana miaka 19, na kwenye simu yake picha ya mbele ni kinyago cha Rorschach, kile cheupe chenye madoa meusi yanayohama. Kwake, filamu ni Rorschach na wengine ni wasindikizaji. "Shangazi, yule ndiye pekee asiyekubali kununuliwa. Wote mwishoni wanakubali uongo, yeye anakataa, anakufa." Siwezi kumlaumu. Jackie Earle Haley aliigiza vile ambavyo mtu hasahau. Ile sauti ya kukwaruza, halafu polisi wanamvua kinyago unakuta uso mdogo, mwekundu, wa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtazama kwa upendo. Haley ndiye aliyeielewa kazi kuliko wote, na nasema hivyo nikiwa mtu niliyeikasirikia filamu.

Lakini nilimwomba mpwa wangu asome sura ya sita kabla hatujaendelea kubishana, na aliisoma. Humo Rorschach anamweleza daktari wa akili, Malcolm Long, usiku aliogeuka. Mtoto wa kike wa miaka sita ametekwa. Rorschach anafika nyumbani kwa mtekaji, anakuta jiko lenye mabaki ya nguo za mtoto, na nje mbwa wawili wanagombania mfupa. Anaelewa. Anamsubiri yule mtu. Katika filamu, anamfunga pingu, mtu anakiri na kulia, na Rorschach anachukua kisu cha buchani akampiga nacho kichwani, tena na tena, kwa hasira. Ukiangalia unataka apige.

Katika komiki hapigi. Anamfunga pingu kwenye jiko, anamwekea msumeno karibu, anamwaga mafuta ya taa, anamwambia kwamba mnyororo hautakatika kwa wakati, kisha anawasha moto. Anatoka nje anasimama barabarani kutazama nyumba ikiungua. Anasimama saa nzima. Hakuna anayetoka.

Tofauti hiyo nimeifikiria mara nyingi kuliko kitu kingine chochote cha filamu hii. Hasira naijua, sote tunaijua. Ukimwona mtu anafanya jambo baya kwa hasira kuhusu mtoto aliyeuawa, unasimama naye, hata kama baadaye utajuta. Yule wa kwenye karatasi hana hasira. Amepoa kabisa. Ametoka mahali ambapo binadamu wengine wako, na unamwogopa. Moore amesema hadharani kwamba alimbuni Rorschach awe mfano wa kuepukwa, na alishtuka watu walipomwendea wakisema wanajiona ndani yake. Filamu iliona watu wanampenda, ikawapa sababu ya kumpenda zaidi.

Mpwa wangu alinijibu hivi: "Lakini Shangazi, kwenye kitabu pia nilimpenda. Nilimpenda na nikaogopa." Nikanyamaza. Ni jibu zuri kuliko langu, na sijapata la kulipiku.

Kuhusu ukatili kwa jumla, hapo wote watatu, mimi, kaka na mwanawe, tuna maoni matatu. Dan na Laurie, wawili wa wale mashujaa waliopigwa marufuku, wanapovamiwa na wahuni kichochoroni, komiki inatoa ngumi chache na watu wawili wanaohema. Filamu inaonyesha mkono ukivunjika mpaka mfupa unatokeza nje ya nyama. Gerezani, yule mfungwa mnene anayezuia mlango wa selo anakatwa koo kwenye komiki. Kwenye filamu anakatwa mikono yote miwili kwa msumeno wa umeme. Kaka anasema hiyo ni haki, kwamba filamu nyingine za masupahero hudanganya kwa kuonyesha ngumi zisizoumiza, na hii inasema ukweli. Mpwa anasema hakufikiria, aliona tu ni kali. Mimi nasema kamera inapopunguza mwendo ili nione mfupa vizuri, hainiambii kwamba ngumi inauma. Inanionyesha kwamba inapendeza. Na lile jaribio la kumbaka Sally Jupiter, mama yake Laurie, ambalo kwenye karatasi linapita kwa visanduku vichache na kukuacha umekunjamana, kwenye filamu limerefushwa mpaka wifi yangu akaondoka sebuleni. Alirudi baadaye, akakaa pale pale, hakusema kitu juu yake, wala hatukumuuliza.

Ni huyu wifi ndiye aliyenipa neno nililolitafuta miaka yote.

Hajasoma komiki na hana haja nayo. Mwezi uliopita tuliiweka filamu ile ya kawaida, ya dakika 162, kwa sababu mpwa alitaka tuione pamoja. Wifi alipenda sehemu ya Mars. Dokta Manhattan amekaa peke yake kwenye mchanga mwekundu na picha ya zamani mkononi, muziki wa Philip Glass unapanda, na maisha yake yote yanapita kwa pamoja: 1959, ajali ya maabara iliyomsambaratisha na kumfanya kile alicho, mwanamke aliyempenda, mwanamke aliyempenda baadaye. Kwake vyote vinatokea sasa hivi. Wifi alitokwa na machozi hapo, na nilifurahi, kwani ndiyo sehemu ya pili ambayo filamu inaota yenyewe badala ya kunakili.

Lakini ilipoisha, New York ikiwa imepigwa, Rorschach amekufa kwenye theluji, na kaka anaeleza kwa bidii ni kwa nini Ozymandias, shujaa mwenzao wa zamani aliyepanga pigo hilo kwa siri, huenda alikuwa sahihi, kwamba ameua mamilioni akaokoa mabilioni, wifi alimkatiza. Alisema, "Tembo nimewaona wakipigana saa mbili na nusu. Nyasi ziko wapi?"

Kaka akasema nyasi ndio hao waliokufa. Wifi akasema, "Nani? Nitajie mmoja."

Hakukuwa na wa kutaja. Nilihisi mtu amewasha taa chumbani.

Katika komiki ningeweza kumtajia kumi. Kuna kona moja ya barabara New York, penye kibanda cha magazeti, na hadithi inarudi pale sura baada ya sura. Muuzaji anaitwa Bernard. Anaongea siku nzima juu ya vita, ana maoni kuhusu kila kitu, na kila jioni maoni yake yamebadilika. Miguuni pake anakaa kijana anayesoma komiki ya maharamia bila kununua. Siku habari za vita zinapozidi kuwa mbaya, mzee anaogopa, anampa kijana ile komiki bure na kumvika kofia yake mwenyewe. Wanakuja kugundua wakiwa wamechelewa sana kwamba wote wawili wanaitwa Bernard. Kuna dereva wa teksi, mwanamke anayeitwa Joey, anayegombana na mpenzi wake. Kuna fundi wa makufuli. Kuna askari wapelelezi wawili. Na kuna yule daktari wa akili, Malcolm Long, ambaye baada ya kumsikiliza Rorschach ndoa yake imeanza kubomoka.

Sura ya 11, wote wanakutana kwenye kona ile. Joey anaanza kumpiga mpenzi wake barabarani. Daktari yuko pale na mkewe aliyekuja kutaka warudiane, na mkewe anamwambia akienda kuamua ugomvi wa watu wasiowahusu, basi asirudi kwake. Anakwenda. Anamwambia hawezi kuwakimbia watu wanaoumia. Wapelelezi nao wanashuka garini. Kila mtu kwenye kona anasogea kuzuia wanawake wawili wasiumizane. Ndipo mwanga unakuja. Mzee na kijana wanakumbatiana, na kisanduku kwa kisanduku weupe unawala mpaka ukurasa hauna kitu.

Ukifungua sura ya 12, ule mpango wa visanduku tisa umeondoka. Kurasa sita mfululizo, kila moja picha moja kubwa, hakuna anayesema neno. Ni maiti. Barabarani, madirishani, wamelaliana, damu masikioni. Unawatafuta uliowajua na unawakuta. Mimi hupanga kurasa, na nakwambia sijawahi kuona mtu akiweka akiba namna ile: ametunza ukurasa mzima mzima kwa sura 11 ili aweze kuutumia hapa, juu ya watu hawa.

Filamu iliyotuonyesha mfupa wa mhuni mmoja ukitokeza, kwa mwendo wa polepole, ilipofika kwa watu wa New York iliwafanya mvuke. Mwanga wa buluu, halafu shimo na vifusi. Safi. Kona ile imebaki sekunde chache, watu wawili usiowajua wanakumbatiana na kutoweka. Ozymandias anapojitetea kwa hesabu yake, inabaki kuwa hesabu kweli, maana hakuna uliyempoteza. Hasira yangu ya 2009 ilikuwa hiyo, na sikujua.

Nilikuwa nikidhani inatokana na ngisi. Tulipoteza miaka mingi juu ya ngisi! Kwenye komiki, Ozymandias anakusanya wachoraji, waandishi na wanasayansi kisiwani, wanamtengenezea dubwana la jicho moja lenye mikono kama ya ngisi, na analitupa katikati ya New York ili dunia iamini imevamiwa kutoka nje na iache kupigana. Filamu iliondoa dubwana ikaweka milipuko katika miji kadhaa ya dunia, lawama akabebeshwa Dokta Manhattan. Kaka alisema ya filamu ina mantiki zaidi kwa sababu dunia inamwogopa mtu inayemjua tayari. Nilimjibu kwamba Manhattan ni silaha ya Marekani, na Moscow ikipigwa na silaha ya Marekani haiwezi kuamka kesho yake ikashikana mikono na Washington. Akasema New York pia imepigwa. Tukaendelea hivyo. Tamthilia ya televisheni ya 2019, iliyoongozwa na kalamu ya Damon Lindelof, ilirudi kwa ngisi, na mimi nilishangilia kama nimeshinda kesi. Leo ubishi huo nimeuacha kabisa. Ngisi au mwanga wa buluu, vyovyote, kama kuna mtu pale kwenye kona.

Ndipo nikakumbuka kwamba lipo toleo nililolikataa tangu mwanzo. Baada ya toleo la kumbi za sinema lilitoka la mwongozaji, dakika 186, na mwisho wa 2009 likatoka hili la dakika 215. Nilisema zamani kwamba kuongeza dakika kwenye kitu kisichopumua hakukifanyi kipumue. Sikuliona. Nilikosea kutoliona, maana limerudisha kibanda cha magazeti. Mzee anaongea, kijana anasoma, na kile anachosoma kimefanywa katuni inayosimuliwa na Gerard Butler: baharia aliyenusurika, mji wake uko hatarini, anaunda chelezo kwa maiti za wenzake zilizovimba ili awahi kuwaonya nyumbani, na anafika akiwa amegeuka kuwa kile kile alichokuja kukizuia.

Jumamosi tukakaa wanne. Kaka hakuipenda. Kila katuni ilipoingia alivuta pumzi kwa sauti. "Inanikatiza. Rorschach yuko njiani, wewe unanipeleka baharini." Ana hoja, filamu haina mahali pa kuweka hadithi mbili kwenye kisanduku kimoja kama ukurasa unavyoweza, kwa hiyo moja lazima isimame ili nyingine ipite. Mpwa alikuwa na kitabu changu mapajani, anafuata, na mara mbili tatu aliniuliza tuko ukurasa gani. Wifi hakuwa na habari na maharamia. Alikuwa akimsubiri mzee. Kila kibanda kilipotokea alijiinua kidogo kwenye kochi, akisema, "Huyo," kama mtu aliyeona jirani yake kwenye televisheni.

Hakuna kurasa sita. Nilijua hazitakuwepo. Shimo bado ni shimo, na wale wahuni wa kichochoroni bado wana mifupa yao mirefu ya polepole. Lakini ilipofika ile kona, mwanga ukaanza kuja, mzee akamkinga kijana kwa mwili wake, kaka alinyoosha mkono akasimamisha picha. Nilidhani anataka kwenda kunywa maji. Hakuinuka. Alikaa na rimoti mkononi akiwatazama, mzee na mtoto wameganda pale, nyuma yao kweupe.

"Huyu anaitwa nani?" akaniuliza.

"Bernard," nikamwambia. "Wote wawili."